Petroli bila oili

Kuna siri nimekaa nayo miaka miwili na nusu, naitoa leo kwa sababu wahusika wote wawili washaambiwa na hakuna tena wa kunichongea. Siri yenyewe inahusu chenso. Ndiyo, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, wenzetu wa Kenya wanaita pawa soo. Najua wengi mnapita hapa kusoma habari za maisha ya Ulaya na bei za tiketi, leo mtanivumilia kidogo, maana nimejionea watu wazima wananuniana mwezi mzima kwa ajili ya jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine, na mi mwenyewe nilikuwemo.

Nianzie nyumbani. Mi mtoto wa Mufindi, sehemu ambayo ukimuuliza mtu ana mali gani anakuhesabia ekari za miti kabla hajataja ng'ombe. Mipaini na mikaratusi ndo benki yetu, mtoto akifaulu kwenda sekondari mzee anaangalia upande wa mlimani anachagua kipande cha kuvuna. Baba alikuwa na Stihl 070, chenso ya Kijerumani. Kwa wasioijua, hii ni mashine ya sisi (cc, ukubwa wa injini) 106 hivi, ikiwa tupu hujafunga baa wala cheni ina kilo 10 na ushee, breki ya cheni hamna, na ikiwashwa watu wa ng'ambo ya bonde wanajua leo kwa mzee kuna kazi. Baba alipasulia mbao kwa mkono mtupu, hakuna reli hakuna nini: uzi unachovywa kwenye masizi ya betri kuukuu, unavutwa juu ya gogo, unaachiwa pwaa, unabaki mstari mweusi, alafu mzee anaufuata ule mstari na lile dude mikononi toka kichwa cha gogo mpaka mkiani. Siku hizi ding'dong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, zimejaa kila kijiji zinapasua haraka, ila ada yangu ya shule ilitoka kwenye mbao za mkono wa baba, kwa hiyo sina uwezo wa kuliongelea hilo dude kama chuma tu.

Sasa kwa nini Stihl? Utotoni nilidhani baba alizichunguza chenso zote za dunia akaiona hiyo ndo bora, kwa namna alivyokuwa anaitetea. Nimekuja kujua ukubwani kwamba aliuziwa na seremala wa misheni ya Kilutheri, kipindi Mjerumani mmoja anafungasha kurudi kwao na vitu vinauzwa. Basi, uchunguzi ulikuwa huo. Wale wamisionari wangekuwa Waswidi, kama waliokwenda kule Bukoba, ukoo wetu leo ungekuwa wa Husqvarna, chenso ya Kiswidi, na baba angeitetea kwa sauti ileile na kidole kilekile juu.

Ila alikuwa na hoja moja ambayo mpaka leo sijaona wa kuijibu. Alisema chenso nzuri ni ile ambayo ikikufia Jumanne, Jumatano fundi ameifungua. Na 070 kule kwetu ndo hivyo, fundi wa Mafinga anaibomoa huku anaongea na simu, ringi ipo, plagi ipo, kamba ya stata ipo, na hata zile nakala za Kichina zilivyoingia vipuri vyake vingi vikawa vinaingiliana, kwa hiyo mashine haifi, inazeeka tu.

Haya. Mapenzi yakanileta Uswidi. Na katika Uswidi yote ilivyo ndefu, yakanileta Småland, nusu saa kwa gari kutoka mji wa Huskvarna. Mji unaandikwa kwa k, kampuni imebaki na q ya tahajia ya zamani. Walianza mwaka 1689 wakitengenezea mfalme bunduki, na ukiitazama nembo yao vizuri utaona ni ile kitu ya kulengea, ukiiangalia kwa mbele ya mtutu. 1872 wakaingia kwenye cherehani, 1896 baiskeli, 1903 pikipiki, chenso ya kwanza ni 1959. Nilimsimulia mama haya yote kwa simu, mama anashonea Singer maisha yake yote, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Sasa mwanangu, hao watu hasa wanajua kazi gani?"

Kwa hiyo unielewe nimeoa wapi. Baba mkwe wangu ana miaka 74, ana msitu wa misprusi na mibetula aliorithi kwa babu yake, na ana Husqvarna 346XP. (Hapa wakwe unawaita kwa majina yao, mi nimeshindwa, mdomo unakataa, namwita kwa neno lao la baba mkwe na yeye ashazoea, nadhani anapenda hata.) Hiyo 346XP ni sisi 45, kinyago cha kuchezea ukilinganisha na 070, lakini inaruka, unagusa tu moto cheni ishafika kasi, nyepesi mpaka unasahau umeshika nini. Rangi ya chungwa imepauka, mpini wa mbele umechubuka umebaki chuma. Huiombi. Haazimi mtu, hata mwanae wa kuzaa.

Nilimuona mgumu mpaka siku aliponisimulia dhoruba. Januari 2005, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9, ulipita upepo walioupa jina la Gudrun, ukaangusha miti ya kusini mwa Uswidi inayokadiriwa kufika mita za ujazo milioni 75 kwa usiku mmoja. Milioni sabini na tano jamani. Småland ndo iliumia kuliko kote. Anasema asubuhi alitoka nje akaona nyumba ya jirani ambayo toka azaliwe hajawahi kuiona akiwa mlangoni kwake, msitu wa katikati wote umelala. Umeme ulikata wiki kadhaa, barabara zimezibwa. Na miti ya kuangushwa na upepo haikatwi kama miti mingine, imelaliana, imejikunja, shina limevutwa kama manati, ukikata sehemu siyo linakurukia au kisiki kizima na mizizi yake kinajirudisha shimoni na wewe ukiwa hapohapo. Kuna watu walikufa kwenye kusafisha, baada ya upepo wenyewe kuwa umeshapita. Yeye aliingia mle kila siku toka Januari mpaka majira ya joto na ile 346, toka ndege wa kwanza wa asubuhi mpaka giza, akiokoa mbao kabla wadudu hawajaziingia. "Haikunitupa hata siku moja," ndo alivyosema, na hakusema kingine.

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu Stihl? Utamwonesha jedwali la uzito na nguvu za farasi?

Mi nilimwonesha. Ujinga wa uanaume bana. Nilikuwa nimemaliza kozi ya leseni ya msumeno, hapa ipo kwa ngazi, A ni kukata mti uliolala na B ni kuuangusha, nikatoka na cheti changu najiona fundi, nikapitiliza dukani nikanunua Stihl MS 261, mpya, sisi 50, yenye kompyuta ndogo inayojiseti kabureta yenyewe. Nikaja nayo mpaka uani kwake. Kuna kitu cha kuchekesha kwenye huu ugomvi ambacho wenyewe hawakioni: Simba na Yanga angalau ukiwa mbali unajua huyu mwekundu huyu wa kijani, hawa wawili wote ni rangi ya chungwa! Mmoja chungwa na kijivu, mwingine chungwa na nyeusi, mtoto mdogo atakwambia ni ndugu. Mzee akaiinua, akaipima mkononi, akaifungua kifuniko cha filta akakifunga, akaiweka chini taratibu kwenye theluji akasema, "Jaha." Kwa tafsiri ya kawaida hiyo ni "aa, sawa". Ila Mswidi akiamua, hilo neno moja linabeba maneno ambayo Mhehe angehitaji nusu saa na pombe.

Jirani yake ndo alinipa moyo kidogo, yeye ni wa Jonsered, zile nyekundu, na wamebishana na baba mkwe toka ujanani. Huu ubishi wao sasa ndo kiboko. Jonsered na Husqvarna ziliingia nyumba moja ya Electrolux mwishoni mwa miaka ya sabini, na kwenye miaka yake ya mwisho Jonsered ilikuwa ni Husqvarna iliyopakwa nyekundu, ile 2172 ya jirani ukiivua plastiki ni 372XP yenyewe, nimezishuhudia kwa macho zimefunguliwa kwenye meza moja na fundi anachukua kipuri cha hii anaweka kwenye hii. Wazee wote wawili walikuwepo. Jirani akasema, "Unaona, wametuiga."

Ntafika kwenye siri, subirini, hili la oili lazima lije kwanza. Injini ya chenso ni tu-stroki, haina oili yake ya kukaa chini kama ya gari, inalainishwa na oili unayoichanganya kwenye petroli, hiyohiyo ndo inapita kwenye pistoni na beringi alafu inaungua. Ukisahau oili umeiua, wala haichukui dakika nyingi. Na kipimo chenyewe watu wanakigombania kuliko siasa. Baba Mufindi ni moja kwa ishirini na tano, petroli lita 5 oili mililita 200, alipimia kikopo kilekile toka sijaenda shule, chenso inatoa moshi wa bluu kama tanuri la matofali na yeye anaupenda ule moshi, anasema ukiuona moshi unajua imekula. Watu wa sasa ni moja kwa hamsini, lita 5 kwa mililita 100. Nenda kokote wanakokutana wenye chenso mtandaoni, Wamarekani, Wajerumani, wetu wa Njombe na Makete, tupia swali la "oili naweka ngapi" alafu kaa pembeni na karanga zako. Hapa Småland wengi hawachanganyi kabisa, wananunua petroli ya alkileti kwenye madumu, ni safi haina harufu kali, na inauzwa ya aina mbili: moja ina oili tayari, ya tu-stroki, nyingine haina, ya foo-stroki, ya mashine za kukatia majani.

Mshaelewa.

Ilikuwa Machi, tunakata mibetula ya kuni, maana inatakiwa ikatwe kabla maji hayajapanda na ipasuliwe mapema ili jua la kiangazi liikaushe. Nilikuwa peke yangu upande wa chini, naharakisha kabla giza halijaingia. Tangi likaisha, nikachukua dumu, nikajaza. Nikakata magogo mawili, la tatu nikasikia mlio umebadilika, ukawa mkali mkavu hivi, alafu ikajifia. Navuta kamba, kamba haiji. Nikakaa kwenye gogo nikageuza dumu nikasoma herufi, na nilivyoona ni lile la mashine ya majani nilihisi joto masikioni kwenye baridi yote ile.

Fundi alifungua eksozi akachungulia na tochi, pistoni imekwaruzika upande mzima wa eksozi kama imepigwa tupa. Hakuuliza kitu. Alichukua tone la mafuta kwenye tangi akalisugua vidoleni, akaniangalia. Nikaangalia ukutani. Silinda na pistoni mpya, bei yake nisiiseme, wife anasoma hii blogu.

Nyumbani baba mkwe akauliza imekuwaje. Na mi nikasema, na haya ndo maneno yangu kamili, "Ilizima tu ghafla." Siyo uongo! Ilizima, na ilikuwa ghafla. Mzee hakucheka, hakusema nilikwambia, alitingisha kichwa kwa huruma kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba alioutegemea.

Ningejua safari ya lile neno ningelimeza. Oktoba kwa huku ni msimu wa kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa huku, wanaume wa kijiji wanakaa kwenye moto siku nzima hawana la kuongea zaidi ya elki na mashine. Mwaka uliofuata nimesimama kituo cha mafuta, kuna bwana simjui, kaona chenso nyuma ya gari langu, akanisogelea akanionya kwa upole kabisa niangalie sana na hiyo mashine. Akasema kuna jamaa kijiji cha pili kanunua Stihl mpya kabisa, haikumaliza hata wiki, silinda ikapasuka vipande viwili. Vipande viwili! Nikauliza jamaa gani. Akasema Mjerumani mmoja hivi. Nikamshukuru kwa ushauri. Ungefanya nini?

Toka siku ile nikisikia mtu anasema "Husqvarna mbovu, ya shemeji yangu ilikufa" au "Stihl za siku hizi bati tupu, namjua mtu" najiuliza ni nani alisimama upande wa chini wa shamba na dumu mkononi. Nina binamu yangu Mafinga, anaichukia Stihl kwa moyo wote, kwenye grupu la ukoo anatuandikia maaya. Alinunua Kariakoo, duka silitaji, kwa bei ambayo ingetosha kumshtua, plastiki ya chungwa, stika safi, ikakaa mpaka mti wa tatu. Ile haikuwahi kuwa Stihl hata siku moja, ni feki mwanzo mwisho, lakini ukimwambia hivyo anakwambia "jina limeandikwa pale". Na jina kweli limeandikwa pale.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba sehemu inayokata mti, cheni yenyewe, haina hata chama. Muundo wa meno tunaotumia wote ulitoka kwa mkata miti wa Marekani, Joseph Buford Cox, kule Oregon, alimtazama funza wa mbawakawa anavyotafuna gogo, taya moja kushoto taya moja kulia, badala ya kukwangua analichimba, akatengeneza jino la namna hiyo na mwaka 1947 likaanza kuuzwa. Ndo asili ya kampuni ya Oregon ambayo cheni zake zinafungwa mpaka leo kwenye mashine za rangi zote. Stihl wana kiwanda chao cha cheni Uswisi, lakini jino ni mawazo ya yule funza. Na cheni butu ni butu tu hata ikiwa kwenye mashine ya dhahabu, nimeona mtu anatukana mashine saa nzima wakati inatoa unga kama wa sembe badala ya chengachenga, tupa ipo mfukoni hajaitoa.

Na majina yenyewe yanakufa vilevile. Miaka ya hamsini Mmarekani wa McCulloch, zile za njano, ungemwambia kuna siku hatazikuta msituni angekupiga. Mwenye kampuni, Robert McCulloch, alikuwa na hela mpaka mwaka 1968 akanunua daraja la London, akasafirisha mawe yake ya nje akalijenga upya jangwani Arizona, kwenye mji alioanzisha yeye, na lipo mpaka leo watu wanapiga picha. Kampuni ikafilisika 1999. Daraja limedumu kuliko chenso. Wakati Stihl, walioanza na Andreas Stihl pale Stuttgart mwaka 1926, bado ni mali ya familia, na kwa miaka kule Marekani walijitangaza kwa kujisifia kwamba hawauzi kwenye yale maduka makubwa ya vifaa, ukitaka yao nenda kwa muuzaji mwenye fundi. Hilo tangazo baba yangu angeweza kuwaandikia bure.

Sasa mwaka huu Februari, tumekaa kwenye kisiki na baba mkwe, termosi ya kahawa katikati, 346 yake na 261 yangu zimelala kwenye theluji zinatoa mvuke. Sijui ilinipata nini. Nikamwambia yote, dumu, tangi, fundi, mpaka Mjerumani wa kituo cha mafuta. Alinyamaza. Akajimiminia kahawa, akanimiminia na mimi, akaiangalia 346 yake muda mrefu.

"Hata hivyo," akasema, "Husqvarna ingestahimili."

Jioni nikampigia baba, nikaona nimalizie toba kotekote. Kamwene baba, kamwene mwanangu, mvua, mahindi, afya ya mama, alafu nikamsimulia. Akacheka sana kwa habari ya Mswidi, akasema mwambie mkwe wangu namsalimu lakini hajui anachoongea, shida siyo Stihl, shida ni hizo za sasa za kompyuta, ile ya kwake isingekufa.

"Kwani uliweka oili ngapi?"

"Sikuweka baba, ndo nakwambia. Sikuweka kabisa."

"Ndo maana," akasema. "Mi nilikwambia moja kwa ishirini na tano."